Kucha za Mguu wa Kulia

Nyamirambo, Jumanne, 4 Machi 2025

Kwa mjukuu wangu Shafiq, mzee mwenzangu,

Asalaam aleikum. Kabla hujaendelea kusoma, kaa vizuri, maana unaandikiwa na mtu mtakatifu. Tangu mwezi uandame sijatia kitu kinywani mchana. Hata mate nayameza kwa kuyaomba radhi. Nikipita Biryogo watu wanainamisha macho, nuru inawaumiza.

Haya basi. Ni uongo. Jumamosi nilifunga mpaka saa saba, miguu ikanipeleka yenyewe Nyakabanda kwa Nsengiyumva. Unamjua yule Mkatoliki aliyekulia Bujumbura, mwenye baa ndogo na brosheti, ile mishikaki ya mbuzi. Kila Ramadhani anatundika pazia nyuma kwa ajili yetu. Nyuma ya pazia nilikuta Waislamu wengine watatu, kila mmoja anatafuna na kujifanya hamjui mwenzake. Mmoja namfahamu kwa sauti, ndiye anayetuhimiza kutoa sadaka.

Nawe afande unayesoma barua hii kabla ya mwenyewe, hujambo? Nimeambiwa huko mnakoshikilia vijana barua zote zinafunguliwa. Soma tu, lakini usinisemee kwa imamu.

Shafiq, kesi yako itatajwa tarehe ishirini na sita. Mwanasheria uliyepewa, Madamu Gahongayire, alikuja hapa nyumbani. Amekulia Kampala, Kiswahili chake kila neno linakuja kwa miguu, lakini moyo wake uko sawa. Nilimweleza tena: nilikuwa nimekaa kizingitini, mtoto, yaani wewe, ananikata kucha, amemaliza mguu wa kushoto, wembe ukawa butu, nikamtuma dukani kununua mwingine. Akapitia stendi. Hapo stendi mama mmoja akapasuliwa mkoba, vijana wote wakazolewa, na mmoja wao ameshika wembe. Mpya! Bado umo ndani ya karatasi yake! Mwizi gani anapasua mkoba kwa wembe uliomo kwenye karatasi? Nikamwambia Madamu nitakuja mahakamani na mguu wangu wa kulia uwe kielelezo. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akasema mzee, huo si utaratibu.

Wa kushoto unapendeza kama mguu wa bwana harusi. Wa kulia una kucha za jogoo, soksi mbili zimekwisha toboka. Jirani yetu Kamikazi alikuja na mkasi, nikamfukuza. Kazi ina fundi wake.

Sasa sikia. Nimevuka sabini na sijawahi kumaliza Ramadhani hata moja. Wewe huko huna pazia la Nsengiyumva. Hebu nifungie wewe, bwana. Nikiulizwa kule juu nitasema, muulizeni mjukuu, alinilipia yote.

Ni mimi babu yako,
Hamduni, mtakatifu wa nusu siku


Kituoni, 9 Machi 2025

Babu,

Shikamoo. Barua yako imefika. Niliwasomea wenzangu wa bweni, wakacheka mpaka afande akaja kuuliza kuna nini. Sasa kila jioni wananiuliza mtakatifu ameandika?

Mimi niko salama. Hapa iko sawa. Tunaamka, tunapiga mstari, tunahesabiwa, tunakunywa uji, tunafanya usafi, tunahesabiwa tena. Chakula ni impungure, yale mahindi ya kuchemsha na maharage. Nalala na kijana anaitwa Arnaud, tuko wawili kwenye godoro moja, ndiyo vizuri kwa sababu usiku kuna baridi. Ana utani kama wako. Anasema nimenenepa.

Napata upele kidogo kwenye vidole. Si kitu. Wote tunao.

Babu, lile jambo la kufunga nimelikubali. Nilianza siku ileile niliposoma. Nimeapa nitamaliza mwezi, zangu na zako. Na nimemwambia Mungu, nikimaliza, afungue hili geti. Usicheke. Nimesema nawe ni shahidi.

Kama unaweza, niletee sabuni.

Mjukuu wako,
Shafiq


Nyamirambo, 13 Machi 2025

Mzee mwenzangu Shafiq,

Niliposoma kwamba unafunga, nilivaa kofia nikaenda msikitini nikiwa na barua yako mkononi. Nikawasomea! Nikasema, nyie mnaokaa na majokofu nyumbani mnalalamika kiu, mjukuu wangu anafunga akiwa ndani. Imamu akakuombea dua kwa jina lako na la marehemu mama yako. Wazee wakalia. Yule wa sadaka, niliyemsikia nyuma ya pazia, alilia kuliko wote.

Kwa hiyo usiniangushe. Biryogo nzima inahesabu nawe.

Umenenepa kwa impungure? Basi waambie wanifunge na mimi, hapa nakondea chapati za Kamikazi. Na huyo Arnaud mwambie godoro la mjukuu wangu si hoteli, alipie pango.

Natuma sabuni mche mmoja, na tende za kufuturia, paketi mbili. Nyingine mpe Arnaud, hata kama si wa dini. Afande msomaji, nawe chukua moja. Nimesema moja.

Upele paka mafuta ya mawese.

Babu yako,
Hamduni

Nimesahau: Nsengiyumva anakusalimu. Anasema ukitoka atakuchomea mbuzi mzima. Mimi nilimwambia aanze kunichomea mimi wakati tunasubiri.


Kituoni, 18 Machi 2025

Mzee Hamduni,

Pole na shughuli. Naitwa Pudentienne, nahusika na ustawi wa vijana hapa kituoni. Ndiye mimi unayenisalimu kwenye barua. Naandika bila kutumwa na mtu, kwa hiyo nakuomba ukishasoma usiipeleke msikitini.

Shafiq ni mgonjwa. Jana asubuhi alianguka kwenye mstari.

Nieleze. Hapa uji unatoka saa moja asubuhi na chakula kinatoka saa nane mchana, mara moja tu. Jioni jiko limezimwa. Mtoto anayefunga hana saa ya kula. Shafiq alikuwa akipokea bakuli lake mchana, analifunika na shati, analificha chini ya godoro mpaka magharibi. Chakula bwenini kimekatazwa kwa sababu ya panya. Alikamatwa, kikamwagwa. Alikamatwa tena. Mara ya tatu akawekwa chumba cha peke yake. Humo ndani akawa halali vizuri na hali chochote, na waliompelekea bakuli mchana walidhani anagoma, wakaandika hivyo. Alipotolewa, chakula alichokuwa amekificha bwenini kabla ya hapo kilikuwa kimeharibika, akakila, tumbo likamsumbua. Muuguzi huja mara mbili kwa juma. Amemwona, amempa maji ya chumvi na sukari.

Niliomba wamwekee chakula jikoni hadi jioni. Nimejibiwa kwamba tukimfanyia mmoja tutawafanyia wote. Mimi sina ufunguo wa jiko, mzee.

Upele si kidogo. Umefika tumboni. Dawa tumeagiza. Hajanenepa.

Tende zako zilizuiwa getini, chakula cha nyumbani hakiingii. Sabuni ameipata nusu, nusu nyingine waligawana.

Nilimwambia afungue, akasema ameapa, na kwamba babu yake amewaambia watu wote. Atakusikia wewe peke yako. Tafadhali mwandikie leo.

Pudentienne


Nyamirambo, 19 Machi 2025

Shafiq mwanangu,

Kula.

Ukiletewa uji, kunywa. Ukiletewa mahindi, kula palepale, mchana kweupe, usiache hata moja. Mgonjwa hafungi, hiyo si sheria yangu, muulize yeyote aliyesoma. Nami nilikuwa natania. Wewe hujanijua leo. Mimi ni mtu ambaye aliwahi kumwambia mama yako kwamba mvua ya mawe ni Mungu anachambua mchele. Nilikwambia unifungie kama mtu anavyosema kanisalimie mwezi. Nawe ukaenda kweli!

Msikitini nimekwenda kusema umefungua. Hakuna aliyesema neno baya. Imamu amesema hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kama ni deni la kiapo, nimelichukua. Kuanzia leo nafunga mimi. Kweli kweli. Tangu alfajiri sijala. Hapa ni saa kumi, mistari inapinda, unaona mwenyewe. Wewe kula, mimi nifunge, Mungu atafanya hesabu zake, ni mzee kuliko sisi.

Nilitaka kuja kesho. Madamu Gahongayire ameniambia siku ya wageni ni Jumapili ya mwisho wa mwezi tu. Nikamuuliza, mtu akianguka katikati ya mwezi anaambiwa asubiri? Akatoa kalamu. Anaandika maombi. Kila mtu huku anaandika maombi.

Kula, bwana mdogo. Nakusihi.

Babu yako


Kituoni, 22 Machi 2025

Babu,

Nimerudi bwenini toka nilipolazwa. Najikokota, lakini niko.

Umesema unafunga. Babu, nakupenda, lakini wewe ulianza barua ya kwanza kwa kusema uongo, na hata mistari mitano haikufika ukakiri. Nitajuaje leo? Labda unaandika ukiwa nyuma ya pazia. Nimeinusa karatasi, Arnaud naye ameinusa. Yeye anasema kuna mbuzi.

Sifungi kwa sababu ya utani wako. Mwanzo ilikuwa hivyo. Sasa si hivyo. Nikifunga, njaa ni yangu. Nisipofunga, njaa ni yao. Hapa hakuna kitu kingine ambacho ni changu. Hata shati ninalovaa wiki ijayo atavaa mwingine.

Usikasirike.

Shafiq


Nyakabanda, 24 Machi 2025

Kwa Shafiq mutoto wa Biryogo,

Mimi ni Nsengiyumva, wa brosheti. Kuandika Kiswahili si kazi yangu, utanisamehe. Babu yako iko amekaa hapa mbele yangu na ameniapisha, nami ni Mukristu, niliapa kwa Bikira Maria. Naandika ukweli.

Tangu Jumatano ile huyu mzee hakula kwangu. Siku ya kwanza nilidhani ana homa. Siku ya pili nikamuwekea brosheti mbili mbele yake, bure, na ndizi ya kuchoma, nikaondoka, nikachungulia kwa pazia. Aliangalia ile nyama, akaitukana. Hakugusa. Akaita mbwa wa jirani akampa. Mimi na mbwa tuko mashahidi.

Jana alianguka kidogo hapa mlangoni, nikamuletea maji, akayatema yote kwenye kanzu yake. Nilimwambia mzee utakufa. Akasema, basi andika hivyo, mutoto atajua nilikuwa sitanii.

Pazia nimelitoa. Wale wengine watatu wamenikasirikia.

Kula, mutoto. Kama hutaki kwa ajili yake, kwa ajili yangu, maana nikipoteza huyu mzee nani atanidanganya?

Nsengiyumva

Chini hapa ni mimi Hamduni, afande usikate. Shafiq, ile sentensi yako ya njaa nimeisoma asubuhi, mchana na jioni. Barua nimeikunja nikaiweka ndani ya kofia. Nimewahi kuwa na jibu kwa kila kitu, hata nisichoulizwa. Kwa hiyo sibishani nawe. Naomba tu uniazime. Hiyo njaa ni yako, nimekubali, basi iweke kwangu mpaka utoke. Nitaitunza. Nikikuvunjia, utanidai.


Kituoni, 27 Machi 2025

Babu,

Nimekula. Jana uji na mahindi, leo uji na mahindi. Tumbo limekubali. Afande Pudentienne alisimama mbele yangu mpaka nikamaliza, halafu akageuka akaangalia ukuta.

Kwa hiyo iko kwako. Usiichezee.

Jana nilipelekwa mahakamani. Ulikuwepo? Sikukuona. Tulikaa ndani ya gari muda mrefu, wakasema faili la kesi halijafika, wakaturudisha. Madamu Gahongayire alikuja dirishani mwa gari akasema imesogezwa hadi mwezi wa tano. Niliangalia nje nione kama kuna mtu mwenye mguu wa kulia ndani ya ndara. Watu walikuwa wengi.

Arnaud wamemchukua juzi usiku, upele wake ulikuwa umeingia usaha na alikuwa na joto sana. Nimeuliza yuko wapi, nimeambiwa yuko anapotibiwa. Godoro sasa ni langu peke yangu. Ni kubwa. Kuna baridi kweli.

Jumapili ni siku ya wageni, na watu wanasema ndiyo Idi. Njoo.

Shafiq


Nyamirambo, Jumanne, 1 Aprili 2025

Shafiq, mzee mwenzangu,

Nilikuwepo. Mahakamani nilikuwepo, tena na ndara mguu wa kulia na kiatu mguu wa kushoto, watu wakanipisha njia wakidhani nina kidonda. Waliniambia kesi za watoto watu hawaingii ovyo, nisubiri kwenye benchi la nje. Nikasubiri upande wa mbele. Gari lenu lilisimama upande wa nyuma. Nimeambiwa baada ya kuondoka.

Na Idi nilikuja.

Nilisali, nikavaa kanzu nyeupe, Kamikazi akapika pilau la nyama, tukalifunga kwenye kitenge likiwa moto. Nilijua chakula hakiingii, usinikumbushe. Lakini kwetu mtu akilazwa au akifungwa anapelekewa chungu. Asiyeletewa chungu huonekana hana watu. Nilitaka huyo mlinzi aone kwamba una watu, hata akikikataa. Nsengiyumva alifunga baa, Jumapili nzima, tukapanda basi Nyabugogo, yeye kakipakata chungu kama mtoto mchanga.

Getini tukakuta karatasi imebandikwa. Ziara zimesimamishwa kwa sababu ya upele, mpaka itakapotangazwa. Mlinzi ni kijana tu, kidogo akuzidi wewe. Aliniita mzee wangu, akaniletea kiti. Ningependa angekuwa na roho mbaya, ningemtukana. Nilikuwa nimejiandalia matusi mazuri njia nzima.

Mama mmoja alishuka kwenye gari kubwa, la matajiri wa Nyarutarama kwa ulivyosikika mlango wake ukifungwa. Ameshika keki ndani ya boksi. Nikasema huyu sasa watamfungulia. Alipiga simu, akapiga nyingine, akapaza sauti, akashusha sauti. Mwisho akaja kukaa na sisi ukingoni mwa barabara na viatu vyake virefu. Ana kijana wake humo. Tukala pilau letu na keki yake. Kumbe hata yeye hana ufunguo.

Afande Pudentienne alitoka. Nimemsalimu barua zote hizi nikidhani ni mtu mrefu, ni mfupi kama kinu. Akaniambia mzee nisamehe. Nikamuuliza anakula? Akasema anakula. Nikamuuliza Arnaud? Akaangalia viatu vyake, akasema hajapata habari. Nikataka kumtania kidogo ili acheke, sikupata utani. Nilitafuta mifukoni mote.

Halafu, Nsengiyumva ni mtundu kuliko mimi, akasema kuna kilima kule nyuma, tuzunguke. Tukapanda. Kule juu kiwanja chenu kinaonekana kupitia waya. Mlikuwa mmekaa juani, wengi, mmepakwa ile dawa nyeupe mwili mzima, vichwa vimenyolewa, kaptula za rangi moja. Nikatafuta masikio yako, unajua una masikio ya mama yako. Kwa mbali vile wote mna masikio hayo. Nikaita Shafiq! Wakageuka watatu. Nikapunga mkono. Hao watatu wakapunga. Halafu wengine wakapunga. Halafu wote, hata wasiojua wanampungia nani.

Nami nikawapungia wote, Shafiq. Sikuwa na la kufanya. Kama ulikuwa mmoja wao, yule mwenye kanzu alikuwa mimi. Kama ulikuwa ndani, waulize, watakwambia kuna mzee alikuja.

Njaa yako niliitunza mpaka mwezi ulipoonekana. Sikuivunja hata siku moja, na hili silirudishi nyuma kama lile la kwanza. Hata tende sikuonja kabla ya adhana. Nsengiyumva yuko, mbwa yuko.

Kwa hiyo sasa nakudai ujira wa kuitunza, nami si mtu wa kusamehe madeni. Madamu anasema mwezi wa tano, labda wa sita, haniahidi. Siku watakayokufungulia, hata ikiwa usiku, usipitie kwa rafiki, usipitie stendi, njoo moja kwa moja hapa kizingitini. Mguu wa kulia haujaguswa na mtu. Kamikazi amejaribu tena, nikamwambia una mwenyewe. Sasa siwezi kuvaa kiatu kabisa, naenda msikitini na ndara moja, na watoto wa mtaa wananicheka, na mimi nawaachia.

Njoo unimalizie kucha zangu. Ni kazi ya nusu saa.

Wembe nitaununua mwenyewe.

Babu yako,
Hamduni